Dakika Ishirini Kabla ya Marshi

Fanfari (bendi za ngoma na tarumbeta) nyingi za Lubumbashi, Kongo, ninazozijua huanza mazoezi kwa wimbo. Watoto hufika uwanjani mmoja mmoja, huyu kutoka mtaa wa Katuba, yule kutoka Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, wengine wameteremka basi la Ruashi. Ngoma zinatolewa stoo, mikanda inavaliwa mabegani, na kabla wapiga tarumbeta hawajamaliza kupuliza hewa ndani ya vyombo vyao, marshi kubwa imeshaanza, kwa nguvu zote na kwa mwendo wa gwaride. Haipiti nusu saa mikono imekaza. Kesi kleri, zile ngoma ndogo za vijiti, zinaanza kukimbia, groskesi, ngoma kubwa ya besi, inabaki nyuma, na kiongozi anagomba kwamba watoto wa siku hizi hawana nidhamu.

Nidhamu wanayo. Mtoto anayetoka Katuba kwa miguu Jumamosi asubuhi ili abebe ngoma mpaka saa sita mchana hawezi kuambiwa hana nidhamu. Anachokosa ni dakika ishirini za mwanzo, ambazo hakuna aliyempa. Mimi naongoza safu ya ngoma katika fanfari ya parokia, na ninachokiamini kuliko vyote katika kazi hii ni kwamba safu hutengenezwa kabla ya wimbo, katika mazoezi mepesi, ya chini na ya polepole, ambayo mpita njia hatasimama kuyasikiliza. Na kinachotengenezwa humo kwanza ni masikio. Mikono inafuata.

Lakini mikono nayo ina haki yake, hasa hapa kwetu. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda asiijue baridi ninayoisema. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya digrii 10. Tarehe 30 Juni, siku ya Uhuru wa Kongo, inaangukia humo humo katikati ya baridi. Mkono uliopoa haupati damu ya kutosha vidoleni, na kidole kisichohisi vizuri hukamata kijiti kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kijiti kilichobanwa hakidundi. Kisipodunda, mpigaji inambidi akiinue mwenyewe kila pigo, na kazi ambayo ngozi ya ngoma ingemfanyia bure anaifanya kwa misuli ya mkono mzima. Ndiyo maana anachoka, na akichoka anakaza zaidi. Maumivu ya mishipa ya mkono wanayolalamikia vijana wengi nayaona yakianzia hapo, katika dakika za kwanza za baridi, muda mrefu kabla ya saa ya gwaride lenyewe.

Wazee wetu walilijua jambo hili upande wa chombo. Ngoma ya ngozi hupashwa kwenye moto kabla ya kuchezwa, kwa sababu ngozi iliyonyonya unyevu hulegea na ikikauka hukaza na sauti ikapanda. Katika masika ya Katanga, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, bila moto hakuna ngoma. Hizi za fanfari tunazovaa leo zina ngozi za plastiki, zilizoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, nazo haziombi moto. Mikono ya kuzipiga bado inauomba.

Kwa hiyo tunaanza bila ngoma. Kila mtu anasugua viganja, anafungua na kufunga vidole, anazungusha vifundo vya mikono pole pole pande zote mbili. Kisha vijiti vinashikwa na tunakaa mbele ya padi, vibao vya mpira vya kujizoezea. Nizisifu kidogo padi zetu, kwa maana huu ni utajiri wa mji wa migodi: tunakata kipande cha mpira wa mkanda mzito unaobeba mawe kiwandani, ule uliochakaa ukatupwa, tunaugandisha juu ya ubao wa upana wa sahani, basi. Mpira huo ni mgumu, una nyuzi ndani, na unarudisha kijiti karibu sawa na ngozi iliyokazwa. Asiyeupata akate tairi. Mto au godoro usipigie kila siku, kwa kuwa kijiti hakirudi kabisa, na mtoto anazoea kukinyanyua kwa nguvu.

Vijiti nazo zina maneno. Vingi tunachongewa na seremala, na seremala hafikirii jozi. Viviringishe juu ya meza iliyo sawa, kilichopinda kitarukaruka. Kisha gonga kila kimoja taratibu kwenye jiwe, usikilize. Viwili vyenye sauti moja vina uzito unaokaribiana, na hiyo ndiyo jozi yako. Mpigaji mwenye kijiti kizito kulia na chepesi kushoto atalaumiwa mwaka mzima kwamba mkono wake wa kushoto ni dhaifu.

Zoezi la kwanza ni mapigo manane kwa mkono wa kulia, manane kwa wa kushoto, bila kukoma. Ni hilo tu. Wapiga ngoma za gwaride duniani kote wanalifanya, kuanzia watoto wa shule hadi vikosi vikubwa vya mashindano ya Marekani. Kijiti kinaanzia juu, kinashuka, kinagusa, kinarudi chenyewe mpaka pale kilipoanzia. Kidole gumba na cha shahada vinakishikilia bila kukibana. Vidole vingine vitatu vinabaki vimekigusa, havikiachii wala havikikabi. Kazi inafanywa na kifundo cha mkono. Bega limelala.

Nalipenda zoezi hili kwa sababu halina pa kujificha. Mkono mmoja unapiga peke yake, kwa hiyo huwezi kuufunika udhaifu wa kushoto kwa ustadi wa kulia. Na pale unapobadilisha mkono, kati ya pigo la nane na la kwanza jipya, ndipo safu nzima inapofunguka kama ina nyufa. Mmoja anawahi, mwingine anachelewa kidogo, na badala ya pigo moja unasikia kitu kama mchanga uliomwagwa. Tunarudia mpaka mchanga huo uishe. Mwendo ni wa polepole, mapigo 80 ya metronomi, kile kipima-mwendo, kwa dakika, na kila pigo la metronomi lina mapigo mawili ya mkono. Kwenye simu janja siku hizi unaweza kupata metronomi ya bure. Baadaye tunapanda hadi 100, hadi 120, na lazima turudi 80 kabla ya kuacha. Kurudi chini ni kugumu kuliko kupanda, kwa kuwa damu imeshachemka na kila mtu anataka kukimbia.

Kuna msichana wa kesi kleri katika safu yetu, mkono mwepesi kuliko wote, ambaye aliniuliza mbele ya wenzake: “Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), siye tunajuaka kupiga. Juu ya nini (kwa nini) polepole hivi?” Swali lake lilikuwa la haki. Nilimwomba apige mapigo manane yale yale, sasa kwa kimo cha vidole vitatu tu juu ya padi, kwa sauti ndogo, huku akinitajia ni nani kati ya jirani zake wawili anayekimbia. Alipiga vizuri mno, ila jirani zake hakuwasikia kabisa. “Rudia,” nikamwambia, “sikia kwanza benzako (wenzako).” Mara ya pili alimsikia wa kushoto, na papo hapo mkono wake wenyewe ukatulia, bila mimi kumsahihisha chochote. Mwendo wa polepole na sauti ya chini ndivyo vinavyoacha nafasi ya kusikia mwingine. Kwa kasi na kwa nguvu kila mtu anajisikia mwenyewe tu.

Hapo linakuja suala la vimo, ambalo fanfari zetu hulidharau. Katika safu za Marekani kila nguvu ya sauti ina kimo chake kilichopimwa: inchi 3 kwa sauti ndogo, 6 kwa ya kati, 9, kisha 12 kwa sauti kubwa, yaani takriban sentimita 7 na nusu, 15, 23 na 30. Vijiti vyote vikipanda kimo kimoja, sauti zinalingana na macho ya watazamaji yanaona mstari mmoja. Huhitaji rula. Wapange watano, mwambie mmoja asimame mbele aangalie ncha za vijiti, abadilishane na mwingine. Watoto wanasahihishana wenyewe, tena kwa ukali kuliko mwalimu.

Zoezi la pili ninalolipa muda mrefu ni la mikazo. Pigo moja la juu, mengine ya chini. Ugumu hauko kwenye lile pigo kubwa. Yeyote anaweza kupiga kwa nguvu. Ugumu ni kukizuia kijiti baada yake, kikae chini karibu na ngozi badala ya kuruka. Anayejua kukizuia bila kukibana ameshapata nusu ya ufundi. Kuna mapigo manne ya msingi ambayo tunayafanya kila moja peke yake kabla ya kuyachanganya: linaloanza juu na kurudi juu, linaloanza juu na kubaki chini, linaloanza chini na kubaki chini, na linaloanza chini na kupanda juu kujiandaa kwa mkazo unaokuja. Ukiona mtoto mikazo yake haisikiki, mara nyingi shida iko kwenye hili la nne: alisahau kupandisha kijiti kabla, kwa hiyo mkazo ukamkuta yuko chini.

Kisha mkazo unahama. Miguu inakanyaga mahali, kushoto, kulia, na kwa kila hatua mikono inapiga mapigo manne sawa. Kwanza mkazo uko kwenye pigo la kwanza, pamoja na mguu. Baada ya hatua kadhaa unahamia kwenye la pili, kisha la tatu, kisha la nne. Mguu usihame. Hapa ndipo utawaona vijana hodari kabisa wakiyumba, kwa sababu mguu unapenda kuufuata mkono wenye nguvu, na mkazo ukitoka nje ya hatua, mguu nao unataka kutoka. Kwenye gwaride hilo ni janga: ngoma ndiyo inayotembeza watu wote, wanafunzi, wauguzi, wafanyakazi, na mpiga ngoma akiyumba mguu, mistari kumi nyuma yake inayumba. Sisi tunalifanya zoezi hili kila tukutanapo, na likiharibika hatuendi kwenye wimbo.

Mengine nitayapita haraka. Papa-mama, mapigo mawili kulia, mawili kushoto, linapigwa polepole mpaka pigo la pili la kila mkono lilingane na la kwanza; likiwa dhaifu, weka mkazo juu yake kwa makusudi kwa muda. Kutoka hapo ndipo zinapotoka ra, yaani mifululizo ya mapigo ya haraka: ra ya tano, ra ya saba na ra ya tisa. Fla ni pigo dogo la chini linalotangulia kidogo tu pigo kubwa. Mikono ikianza kutoka kimo kimoja huwezi kuipata, mmoja lazima uwe chini tangu mwanzo. Paradidli ni kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto, nayo inafundisha kubadilisha mkono unaoongoza bila kusikika. Wapiga ngoma wa Marekani walikutana Chicago mwaka 1933 wakakubaliana juu ya orodha ya mifano 26 ya aina hii, na mwaka 1984 orodha ikapanuliwa hadi 40. Usimpe mtoto yote arobaini. Anayezipiga tano kwa usafi, laini na kwa mwendo usiobadilika, atatembea katika safu yoyote.

Neno kuhusu groskesi, kwa sababu anasahaulika. Huchaguliwa kijana mwenye mwili mkubwa, anapewa rungu, anaambiwa apige kwa nguvu, na wakati wenzake wanapasha mikono yeye amekaa pembeni anakula karanga. Mimi ningemchagua mwenye mwendo tulivu, hata awe mdogo wa mwili. Ngoma yake imesimama wima, ngozi ziko pembeni, kwa hiyo pigo lake halishuki kama la kesi kleri. Anazungusha mkono kama anayefungua mlango kwa kitasa. Anahitaji mapigo manane yake kwa kila mkono kama wengine, na anayahitaji zaidi, maana rungu ni zito na kosa lake linasikika hadi mwisho wa barabara. Mwenye matoazi naye asimame katika safu wakati wa mazoezi haya, ahesabu na kukanyaga pamoja, hata kama hapigi kitu.

Sasa nirudi kwenye masikio, maana uwanjani kuna hesabu ambayo chumbani haipo. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Fanfari iliyonyooka barabarani kwa mita 34 ina sehemu moja ya kumi ya sekunde kati ya mkia na kichwa. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua ni nusu sekunde, kwa hiyo tofauti hiyo ni moja ya tano ya hatua nzima, na sikio la mtu yeyote linaikamata. Aliye nyuma akipiga kwa kumsikia aliye mbele atakuwa amechelewa, na sauti yake ikifika mbele itakuwa imechelewa mara ya pili. Kwa hiyo mwendo utoke nyuma, au katikati, pale ngoma zilipo, na walio mbele wapige pamoja na kile kinachowafikia kutoka nyuma yao. Walio nyuma watazame miguu na mikono ya kiongozi, wasiwinde sauti za mbele.

Tunalifanyia zoezi. Nusu ya safu inasimama upande mmoja wa uwanja, nusu upande wa pili, wote wakitazama upande mmoja. Wa nyuma wanaanza mapigo manane, wa mbele wanaingia kwa sikio tu, bila kugeuka. Mdundo unasikika vizuri kwa anayesikilizia mbele. Kisha tunabadilisha kwa makusudi: wa mbele waanze, wa nyuma wafuate. Watoto wanasikia wenyewe jinsi mdundo unavyopasuka, na baada ya hapo sihitaji tena kuwaeleza kwa nini ngoma haziwekwi mbele ya tarumbeta. Fanfari nyingi hapa huziweka mbele ili zionekane. Naelewa hamu hiyo, na naipinga.

Watu wa pwani wakisoma haya watakumbuka beni, ile michezo ya ngoma na tarumbeta na magwaride iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kusambaa bara na wasafiri, askari na wafanyakazi. Ilifika hata kambi za wafanyakazi wa migodi huku Katanga, wakati mji huu ukiitwa Élisabethville. Kwa hiyo mtoto wa mtaa wa Kamalondo anayejifunza kupiga hatua kwa ngoma hajaanza jambo geni. Barabara hizi zimekanyagwa kwa mwendo huo kwa karibu miaka mia moja, na Jumapili ya mechi ya Mazembe utazisikia tena ngoma na tarumbeta karibu na uwanja. Hilo linanifanya niwadai wetu wapige vizuri.

Mambo mawili ya afya. Kesi kleri ni chombo chenye kelele za kudhuru, na ndani ya darasa lenye bati na kuta tupu ni mbaya zaidi. Fanyeni mazoezi ya padi ndani, ya ngoma nje, na wapigaji waweke vizibo masikioni. Kijana aliyepoteza usikivu hataurudisha. Pia, uchovu wa misuli unaoisha kwa kupumzika ni wa kawaida, lakini maumivu makali kwenye kifundo au ganzi vidoleni yanamaanisha kuweka vijiti chini siku hiyo. Hapo simruhusu mtoto akomae, hata kama gwaride ni kesho.

Siku ya gwaride yenyewe ina tatizo lake. Mnapasha mikono saa kumi na mbili asubuhi, mnapangwa mstarini saa moja, kisha mnangoja. Viongozi wanachelewa, hotuba zinafuata, baridi bado ipo, na ikifika zamu yenu mikono imerudi kuwa ile ya alfajiri. Ngoma huwezi kuzipiga, mtu anahutubia. Basi padi za mpira zibebwe mfukoni, zikatwe ndogo, na kila kijana apige mapigo manane juu ya paja lake kwa kimo cha vidole viwili, bila sauti, macho kwa jirani. Mmoja katika kila safu awe ndiye anayeanzisha, wengine wamfuate kwa kumtazama. Mapigo hayo yapigwe dakika mbili, wapumzike tano, warudie, mpaka kiongozi anyanyue mkono. Vijiti visiwekwe chini kwenye lami, maana vinapoa. Viwekwe ndani ya koti, kwapani.